Ule mti wa Tanzania "unaotibu saratani ya figo": habari kamili ya englerini A

Fundi Dozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wazungu wamegundua mti wa Tanzania unaotibu saratani ya figo, wameuchukua kimyakimya." Mimi kazi yangu ni famasi, na wateja wananiuliza habari hiyo kila siku. Nimeona bora niiweke hapa yote kwa vipande, kuliko kumjibu mmoja mmoja dirishani huku foleni inanung'unika.

Mti upo kweli. Kitaalamu unaitwa Phyllanthus engleri, kwa heshima ya Adolf Engler, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Unaota Tanzania na kuteremka kusini hadi Zambia na Zimbabwe.

Hao "Wazungu" ni Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, NCI, kwenye maabara zao za Frederick, jimbo la Maryland. Kimyakimya hakukuwepo: mwaka 2009 kundi la John Beutler lilichapisha kila kitu katika jarida la Organic Letters, mchoro wa molekuli ukiwemo. Molekuli yenyewe waliiita englerini A.

Kutibu sasa. Hakuna hospitali popote duniani inayoitoa englerini A kama dawa. Inauzwa, ndiyo, ila kwa maabara, vichupa vidogo vya gharama vilivyoandikwa kwamba si kwa matumizi ya binadamu. Kwa nini kitu kinachoua seli za saratani ya figo vizuri namna ile kimeishia kwenye kichupa cha maabara? Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Chura wa Ziwani

Nimekaa kiti cha mbele na kahawa yangu. Shusha nondo mkuu.

Mzalendo76

Ni yale yale. Wanabeba mali zetu, wakishapata wanatuambia "bado utafiti". Subirini, mtaikuta kwenye boksi inauzwa kwa dola.

Fundi Dozi

Mzalendo76, kaka, hoja yako ina uzito na nitaifikia. Tumalize maabara kwanza.

Tangu 1990 NCI wana utaratibu wa kupima sampuli kwenye koo 60 za seli za saratani ya binadamu. Kila ukoo ulitokana na saratani ya mgonjwa fulani, seli zake zikaoteshwa kwenye vyombo na zinaendelea kugawanyika mpaka leo. Zipo za mapafu, utumbo mpana, matiti, ovari, ubongo, ngozi, tezi dume, damu, na koo nane za figo. Unamwaga sampuli yako juu ya zote kwa viwango vya kupanda, kisha unaangalia zipi zimesimama kukua, zipi zimekufa, zipi hazina habari.

Kuua seli za saratani kwenye chombo si kazi. Jiki inaziua. Chumvi ukizidisha inaziua. Mtafiti anachotafuta ni sampuli inayochagua: inaua hizi, inaziacha zile. Sampuli ya Phyllanthus engleri ilikuja na sura hiyo hasa. Koo za figo zilianguka, nyingine nyingi zikabaki zimesimama.

Hapo inaanza kazi ya kuchosha. Sampuli ya mmea ina mamia ya kemikali na hujui ipi ndiyo muuaji. Kwa kawaida mmea unasagwa, unalowekwa kwenye kiyeyushi, unachujwa, kinabaki kimiminika kizito cha rangi ya kahawia. Kinapitishwa kwenye mrija wima uliojazwa unga maalumu. Kemikali nyingine zinateremka upesi, nyingine zinang'ang'ania, na mtu amekaa chini anakinga chupa baada ya chupa. Kila chupa inarudishwa kwenye seli za figo. Ikiua, inachambuliwa tena kwa mrija mwingine. Isipoua, inawekwa pembeni. Unarudia hivyo mpaka unabaki na unga mweupe kidogo ambao ni molekuli ya aina moja tu.

Matokeo: koo sita kati ya nane za figo zilizuiwa kukua kwa viwango vya nanomola 1 hadi 87. Kwa hesabu ya uzito, nanomola 87 ya englerini A ni kama mikrogramu 38 ndani ya lita nzima. Koo nyingi za saratani nyingine zilihitaji karibu mara 1,000 ya hapo. Aliyewahi kufanya kazi ya namna hii anajua namba za aina hiyo zinavyomkosesha mtu usingizi.

Kemia Tamu

Mwalimu Fundi, naomba niongezee, maana huku kwa wanakemia kulikuwa na mbio za kweli.

Ripoti ya Beutler ilitoka 2009, na mwaka huohuo Mathias Christmann na wenzake wa Ujerumani wakawa wameshaitengeneza molekuli nzima maabara bila kugusa mti. Walianza na nepetalaktoni, kemikali inayopatikana kwenye ule mmea unaowalevya paka. Englerini A, kama kiganja, ina umbo la kulia na la kushoto, na ripoti ya kwanza haikuweza kusema kwa uhakika ya mti ni ipi. Walipomaliza kuijenga na kuipima kwa mwanga, ikapindisha mwanga upande wa pili. Wakajua wamejenga pacha wa kwenye kioo, na papo hapo ikathibitika umbo la ile ya mti ni lipi.

Mwaka uliofuata, 2010, makundi mawili, la Antonio Echavarren kule Hispania na la Dawei Ma kule China, yakaja na njia fupi zaidi ya kuifunga ile mifupa ya katikati, wakitumia dhahabu kama kichocheo. Dhahabu halisi, wakuu, kwa kiasi kidogo. Baada ya hapo makundi yaliyoitengeneza yakawa mengi.

Kwa nini watu waliipenda hivi? Ni ndogo. Kaboni 26, haidrojeni 34, oksijeni 6. Mifupa ya pete iliyofungwa kwa daraja la oksijeni, na mikono miwili iliyounganishwa kwa esta (aina ya kiungo cha kikemia), mmoja wa asidi sinamiki na mwingine wa asidi glikoliki. Ukikata mkono wa glikoliki unapata englerini B, na nguvu karibu yote inapotea. Kumbukeni hiyo mikono, nadhani Fundi ataihitaji mbele.

Mjukuu wa Mganga

Asanteni kwa elimu, lakini mnaongea kana kwamba mti umeanza kujulikana 2009. Babu yangu alikuwa mtu wa dawa. Kuna miti aliitumia na kuna miti alitukataza hata kuni tusiokote. Hii jamii ya Phyllanthus tunayo tele, nyingine inaota mpaka uani na watu wanaichemsha kwa ajili ya mawe ya figo. Sasa kipi cha ajabu ikisemwa inatibu figo?

Fundi Dozi

Mjukuu, umenigusa pale pale nilipotaka kwenda.

Hicho kijimea cha uani ni spishi nyingine kabisa, mara nyingi Phyllanthus amarus au ndugu zake wa karibu. Jenasi ya Phyllanthus ina spishi mamia na mamia. Kufanana jina la kwanza hakumaanishi kufanana kemia. Mtu anayekuuzia majani ya uani kwa sababu "NCI wamethibitisha" anakuuzia kitu ambacho NCI hawakukipima kwenye habari hii.

Na huu wetu wenyewe, engleri, una sifa mbili kwenye maandishi ya mimea ya Afrika: umetajwa kama dawa na umetajwa kama sumu, hasa mizizi. Babu yako nadhani angeuweka kwenye lile kundi la kuni zisizookotwa.

Kipimajoto

Subirini. Mimi ni nesi. Mgonjwa wa saratani ya figo na mgonjwa wa figo kufeli ni watu wawili tofauti, na naona ujumbe wa WhatsApp unawachanganya. Wa kwanza ana uvimbe kwenye figo, na mara nyingi figo zenyewe zinachuja vizuri. Wa pili figo zimeshindwa kuchuja na anahitaji kusafishwa damu. Huyu wa pili ukimpa mizizi usiyoijua, unamzika.

Na si lazima mmea uwe wa kichawi ili uharibu figo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene kwenye kliniki moja ya Brussels waliharibikiwa figo, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sababu ilikuwa asidi aristolokiki, kutoka kwenye mimea ya jamii ya Aristolochia. Nayo ni ya asili, ya kijani, haina kemikali, kama wanavyopenda kusema.

Fundi Dozi

Kipimajoto, umetenda haki.

Twende kwenye swali kubwa: englerini A inauaje? Hapa pamekuwa na mvutano, na mimi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 2013, kundi la NCI lenyewe likiwa na William Linehan, daktari ambaye jina lake liko karibu kila mahali kwenye saratani ya figo, lilitoa maelezo katika jarida la Cancer Cell. Walisema englerini A inaamsha protini iitwayo PKC-theta. Protini hiyo inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaifanya seli iwe na njaa kali ya sukari, na wakati huohuo inaifungia seli njia ya kuingiza sukari. Seli inakufa kwa njaa. Maelezo matamu sana, maana seli za saratani ya figo zinajulikana kwa ulafi wa sukari.

Miaka miwili baadaye, 2015, makundi mawili tofauti yakafika mahali pengine. Moja lilikuwa la Ulaya: Herbert Waldmann wa Dortmund, David Beech wa Leeds, Uingereza, na huyo Christmann wa nepetalaktoni. La pili lilikuwa la watafiti wa kampuni ya dawa ya Novartis. Wote wakakuta kwamba englerini A inafungua milango kwenye utando wa seli, milango ya protini iitwayo TRPC4 na TRPC5, na inaifungua kwa kiwango kilekile kidogo cha nanomola. Seli zenye TRPC4 kwa wingi zinakufa. Seli zisizo nayo hazishtuki. Watu wa Novartis wakachukua seli ambazo hazikuwa zikidhurika, wakazipandikizia TRPC4, zikaanza kufa. Wakainyamazisha TRPC4 kwenye seli zilizokuwa zikifa, zikapata nafuu. Jaribio la namna hiyo, kuwasha na kuzima, ndilo linalonishawishi mimi kuliko michoro kumi ya mishale.

Mlango ukifunguka kinaingia nini? Kwanza walifikiri ni kalisiamu. Kazi ya Leeds ya 2017 ikaonyesha kwamba muuaji ni sodiamu. Fikirini mtumbwi uliotoboka: sodiamu ndiyo maji, na kwenye kila seli kuna pampu inayoyafua maji hayo na kurudisha potasiamu ndani. Tundu likiwa dogo, pampu inamudu. Englerini A inafungua tundu na kuliacha wazi kwa saa nyingi, pampu inazidiwa, seli inazama. Walipoidhoofisha pampu kwa makusudi, seli zikafa haraka zaidi.

Chura wa Ziwani

Daah. Kwa hiyo haichagui saratani, inachagua mlango?

Fundi Dozi

Chura, sentensi yako hiyo ingeniokolea kuandika nusu ya uzi. Ndiyo, inachagua mlango. Koo zile za figo zilikuwa na milango hiyo, ndiyo maana zilianguka. Swali la pili linakuja lenyewe: nani mwingine mwilini ana TRPC4 na TRPC5?

Ubongo unazo. Mishipa ya damu na misuli laini nayo ina jamaa zao.

Novartis waliwapa panya. Kwa mdomo haikufanya kitu cha maana, maana ile mikono ya esta aliyoisema Kemia Tamu inakatika haraka mwilini. Kwa kuchoma kwenye mshipa, panya walikufa kwa dozi ndogo mno, kabla hujafika kiwango ambacho kingesaidia kupunguza uvimbe. Mwaka 2018 watu wa Leeds wakachukua panya waliozaliwa bila TRPC4 wala TRPC5, wakawapa englerini A, na yale madhara ya kushindwa kutembea yakapungua sana. Yaani mlango unaoua seli ya saratani kwenye chombo ndio unaomwangusha panya mzima.

Ndipo ilipokwama. Hakuna aliyeificha. Iliandikwa hadharani, na kila mwenye intaneti anaweza kusoma jinsi ilivyokwama.

Mzalendo76

Sawa, lakini si wangeirekebisha? Mnasema wanakemia wameitengeneza mara nyingi.

Kemia Tamu

Wanajaribu, kaka. Wamebadilisha mkono mmoja, wamebadilisha mwingine, wamepunguza pete. Shida ni kwamba kila inayobaki na nguvu dhidi ya seli za figo inabaki pia na nguvu kwenye mlango, kwa sababu mlango ndio nguvu yenyewe. Utaipata salama zaidi kwa kuidhoofisha, na ukiidhoofisha haina tena kazi.

Kitu ambacho kimezaliwa hapo ni kingine: watafiti wa milango hii sasa wana ufunguo mkali kuliko wowote waliokuwa nao. Kabla ya 2015, TRPC4 na TRPC5 zilichunguzwa kwa vifaa butu. Leeds nao wakakichunguza kizuizi chake, Pico145, kinachofunga mlango kwa viwango vidogo sana. Watu wa magonjwa ya wasiwasi na ya figo zisizo na saratani ndio wanaozichungulia siku hizi.

Shangazi wa Tabata

Wanangu, nasoma tangu asubuhi. Mimi si msomi wa kemia. Mume wangu alikojoa damu, hakuwa na maumivu, tukapuuza. Ikarudi. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe figo ya kushoto, wakasema CT, CT ikathibitisha, haijatoka nje ya figo. Hospitali tuliyokwenda imetupa tarehe ya upasuaji ya mbali na kila tukiuliza tunaambiwa "subirini simu". Jirani kaleta mfuko wa magome, kasema ni hayo ya NCI, tuchemshe asubuhi na jioni mpaka siku ya kupasuliwa. Mwanangu Fundi, hata kidogo kidogo tusimpe?

Fundi Dozi

Shikamoo shangazi. Pole sana.

Hata kidogo kidogo, msimpe. Nakuambia kama ningemwambia mama yangu. Mosi, hakuna anayejua huo mfuko una nini. Pili, kama kweli ni mti wenyewe, umeona panya walivyopata. Tatu, mgonjwa anayekwenda kupasuliwa lazima daktari wa usingizi ajue kila kilichoingia mwilini mwake, na figo ya pili tunaihitaji iwe salama kwa sababu ndiyo itakayobaki na kazi.

Sasa habari njema ipo kwenye maneno yako mwenyewe: haijatoka nje ya figo. Kwa saratani hii, uvimbe ukiwa bado ndani ya figo, kisu ndiyo tiba kuu, na watu wengi hupona kwa huko kukatwa tu. Kwa hiyo usisubiri simu. Nenda na karatasi za CT mkononi, omba kuonana na daktari wa mfumo wa mkojo mwenyewe, muulize kama kuna hospitali nyingine inayofanya upasuaji huo mapema, umwombe barua ya rufaa. Ni haki yenu.

Kipimajoto

Shangazi, nakazia. Nenda mapema saa za asubuhi kabla hawajaingia theatre, na uende na mtu wa kuandika majibu. Damu kwenye mkojo bila maumivu ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, hasa kwa wanaume. Mmefanya vizuri kurudi.

Mjukuu wa Mganga

Mama, mimi niliyetetea miti juu pale, nami nasema huo mfuko utupe.

Shangazi wa Tabata

Marahaba wanangu. Nimeelewa. Na ikitokea baadaye imesambaa, dawa za kweli zipo?

Fundi Dozi

Zipo shangazi, na hapa niseme jambo ambalo lingepaswa kuwa kwenye WhatsApp badala ya lile.

Saratani ya figo ya aina inayoonekana zaidi inaitwa ya seli angavu. Chini ya hadubini seli zinaonekana tupu, kwa sababu zilijaa mafuta na glaikojeni (sukari ya akiba) ambavyo vinayeyuka wakati wa kuandaa kipande. Dawa za kawaida za kemo karibu hazina kazi kwake. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa mikono mitupu.

Mlango wa kutokea ulitoka kwenye familia chache zenye ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau, VHL, ambao hupata uvimbe kwenye figo, macho na ubongo. Mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana, Linehan akiwa miongoni mwa walioitafuta. Baadaye ikaonekana kwamba hata wagonjwa wasio na ugonjwa wa kurithi, seli zao angavu kwa sehemu kubwa zimeipoteza jeni hiyohiyo. Kazi ya VHL ni kuivunja protini iitwayo HIF pale oksijeni inapokuwa ya kutosha. VHL ikiharibika, HIF inabaki, na seli inafanya mambo kana kwamba inakosa hewa: inaita mishipa mipya ya damu, inakula sukari. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobeli ya 2019 kwa kueleza mfumo huo.

Dawa za kwanza zilizima ile mishipa ya damu: sorafenibu mwaka 2005, sunitinibu 2006. Baadaye zikaja za kuamsha kinga ya mwili. Lakini inayofanana na ndoto ya englerini A, molekuli ndogo yenye shabaha moja, ni belzutifani. Watafiti wa UT Southwestern kule Dallas waliona kwamba ndani ya HIF-2, aina mojawapo ya HIF, kuna kijishimo kitupu, wakatengeneza molekuli ya kukaa humo na kuitenganisha na protini mwenzake inayofanya nayo kazi. Marekani iliruhusu 2021 kwa wagonjwa wa VHL, na Desemba 2023 kwa saratani ya figo iliyosambaa ambayo imeshapitia dawa nyingine. Nayo ina yake: inapunguza damu, kwa sababu HIF-2 ndiyo inayoagiza damu itengenezwe, inaweza kushusha oksijeni, na mjamzito haitumii kabisa. Bei yake sithubutu hata kuitaja.

Tofauti yake na ya mti wetu iko hapo. Hii ilitafutwa kwa kuanzia kwenye kosa la ugonjwa wenyewe. Ya mti ilipatikana kwa kuangalia nani amekufa, kisha ikaulizwa kwa nini.

Mzalendo76

Umeniahidi jibu langu.

Fundi Dozi

Sijasahau kaka. Kuna mfano wa karibu yetu kuliko huu. Miaka ya 1970 NCI walikuwa wanaitafuta maytansini, molekuli iliyogunduliwa na kundi la Morris Kupchan kutoka mmea wa Ethiopia na kutangazwa 1972. Mmea mmojawapo wenye maytansini nyingi kidogo ulipatikana Shimba Hills, Kwale, pwani ya Kenya, na ukavunwa kwa wingi kupelekwa Marekani. Wagonjwa wakapewa. Sumu ikazidi faida, ikaachwa.

Haikufia hapo. Baadaye ikagundulika kwamba bakteria fulani wa kwenye mimea wanatengeneza molekuli za jamii hiyohiyo, kwa hiyo hakuna haja ya kukata mti. Wanakemia wakaifanyia mabadiliko kidogo na kuifunga kwenye kingamwili inayokwenda moja kwa moja kwenye saratani ya matiti yenye protini ya HER2. Hiyo ndiyo Kadcyla, iliyoruhusiwa Marekani 2013. Sumu ileile iliyoshindikana ikimwagwa mwilini kote, inavumilika ikipelekwa kwenye seli inayohusika.

Kwale walipata nini? Mkataba wa Bayoanuwai unaosema nchi ina mamlaka juu ya mimea yake ni wa 1992. Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida ilipitishwa 2010, ikaanza kutumika 2014. Mavuno ya Shimba Hills yalitangulia yote hayo, na sheria hizi hazirudi nyuma. Hasira yako ninaielewa hapo kabisa. Ila iende kwenye mikataba na maabara zetu wenyewe, kwa sababu englerini A haina faida ya kugawana. Imeishia kwenye panya.

Kemia Tamu

Na je, englerini A haiwezi kufungwa kwenye kingamwili kama hiyo?

Fundi Dozi

Swali zuri. Maytansini inafanya kazi ndani ya seli, kwa hiyo kingamwili inaiingiza ndani kwanza, kisha inaachiwa. Englerini A inafungua mlango ulio kwenye utando. Ingebidi iachiwe kwenye uvimbe tu, isivuje kwenda kwenye mishipa na ubongo, na iachiwe kabla mikono yake haijakatika. Mimi sioni njia rahisi.

Shangazi wa Tabata

Fundi, nimetoka hospitali sasa hivi. Wametupa rufaa, tunakwenda Jumatatu. Nimuulize nini daktari mpya?

Fundi Dozi

Alhamdulillahi. Andika haya kwenye karatasi shangazi:

Ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, na kama anaweza kukata uvimbe peke yake akaacha figo, au lazima atoe figo nzima. Kreatinini ya mzee (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ni ngapi, na figo ya kulia inafanyaje kazi. Kama kifua kimepigwa picha, maana mapafu ndiko inakopenda kukimbilia. Dawa za presha na za kulainisha damu anazotumia aache lini kabla ya kisu. Kipande kikitolewa kitapelekwa patholojia gani, majibu lini, na mwombe akuandikie aina yake, kama ni seli angavu au nyingine. Na baada ya hapo arudi CT kila baada ya muda gani.

Magome mmeshatupa?

Shangazi wa Tabata

Nimemrudishia jirani mwenyewe. Kanuna.